Kidole Kimoja Bila Hina

Alhamisi, 5 Oktoba

Jana saa tatu asubuhi simu yetu ilikufa kitufe cha kusoma alama ya kidole. Naandika wazi, na tarehe yake, kwa sababu nawajua watu. Mambo yakiharibika, kila mtu husema yalianza siku nyingine na kwa mkono wa mwingine. Yalianza jana, Jumatano, na hakuna aliyekuwa ameiangusha. Ilikuwa imening'inia pale pale kwenye msumari wake kibandani, Soko Mugdi.

Kitufe kile cha mgongoni kimetuendesha miaka mitano. Mimi dole gumba la kulia, Sirad, mwenzangu wa biashara, kidole cha shahada cha kushoto. Yeyote aliye kibandani huishika na inafunguka. Yeye husikiliza sauti za familia kumi na moja za njia ya Dadaab zinazotuletea maziwa ya ngamia, nami nawapigia wenye hoteli wa Eastleigh, Nairobi, wanaoyanunua. Biashara yote iko humo. Hata akipakwa hina ya Idi au ya arusi, Sirad hukiacha kile kidole kimoja kitupu, maana simu ilikuwa haipendi hina. Vidole tisa vyeusi, kimoja hakina kitu. Ruweyda, anayeuza maziwa kibanda cha jirani, humcheka: "Hicho umemwekea nani?" Naye Sirad humjibu, "Hicho ni cha ofisi."

Sasa tunaandika namba ya siri, mikono imelowa maziwa, wateja wametukodolea macho.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimeipeleka kwa Abdisalam, fundi wa simu karibu na stendi.

"Mama Kendi, hii kitufe haiko. Hata Nairobi haiko."

"Haiko vipi na simu nilinunua juzi?"

"Juzi ya miaka tano." Akailaza juu ya kioo cha meza yake, akaisukuma kidogo, ikazunguka kama pia. "Umeona? Tumbo imefura. Betri hiyo. Zamani ungefungua na ukucha, uweke ingine, uende. Siku hizi wanagundisha na gundi. Nikifungua, kioo inaweza kwenda."

"Wanagundisha ya nini?"

"Ndiyo ununue ingine."

"Na hiyo ingine?"

"Pia imegundishwa."

Nimelipa ya kuangaliwa, nikarudi na simu yangu iliyofura. Sielewi mtu anatengenezaje kitu kisichotengenezeka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Joto. Wingu limekuja, limetutazama, limeenda zake.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kendi amepiga kutoka chuoni Meru. "Mama, usinunue sasa. Mwezi wa kumi na moja inatoka mpya, hii ya sasa itashuka bei." Nikamuuliza, na mwezi wa kumi na moja ukifika hawatasema ningoje wa pili? Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nimepiga hesabu kwa lita, maana lita hazinidanganyi. Simu yangu ya kwanza hapa Garissa, ya vibonye, ilikula lita arobaini za maziwa na ikadumu miaka saba. Ya pili ilikula lita mia, miaka minne. Hii, lita mia na sitini, miaka mitano na wa mwisho nimeukokota. Ile Abdisalam anayonionyesha ni lita mia mbili na kumi, na yeye mwenyewe anaipa miaka mitatu. Zinapanda kwa lita na kushuka kwa miaka. Nilikuja mji huu na magunia mawili ya vitunguu na sikuwa na mtu. Ningefanya biashara kwa hesabu ya namna hiyo, ningekuwa nimerudi Meru kwa miguu.

Sirad amesema, "Abaayo, tungoje mvua inyeshe. Ngamia watashiba, maziwa itakuwa mingi, tutanunua pamoja." Abaayo ni dada, ndivyo anavyoniita. Tumekubaliana kungoja.

Alhamisi, 19 Oktoba

Hakuna mvua. Simu inazimika ikifika asilimia thelathini na mbili.

Jumatatu, 23 Oktoba

Imezimika saa kumi na moja alfajiri, ikiwa na asilimia sitini na moja. Kulow, dereva wa pikapu inayobeba mitungi, alikuwa anatupigia kutuambia amekwama na gurudumu. Hakutupata. Tulipompata ilikuwa saa tano na jua liko utosini. Lita mia moja na nane zimeganda. Sirad aliinusa mitungi mmoja mmoja, akafunga vifuniko.

Jumanne, 24 Oktoba

Nimenunua. Sikumwambia Sirad kwanza, maana angesema tungoje, na mimi sina lita nyingine mia za kumwaga nikingoja.

Ni nzuri kuitazama. Haina kitufe popote, mbele wala nyuma. Haina tundu la waya wa masikioni. Haina chaja ndani ya boksi. Nikamuuliza Abdisalam kama na simu yenyewe imo.

"Inafunguka na uso, Mama Kendi. Angalia hapa." Nikaangalia. Duara likazunguka, likaweka tiki. Nikatoka dukani nimeridhika.

Jumatano, 25 Oktoba

Sirad ameigeuza simu mara mbili, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta jeraha la mbuzi sokoni.

"Hii inafunguka na nini?"

"Uso."

"Uso wa nani?"

Nikamwambia namba ya siri ni ile ile, hakuna kilichobadilika. Akasema, "Wewe unaiangalia tu. Mimi nabisha hodi."

Halafu waya wa masikioni. Sirad huupitisha ndani ya hijabu, asikilize sauti za familia bila soko zima kusikia. Sasa hauna pa kuingia. Leo amefungua sauti hadharani na mzee mmoja wa Dadaab akatangazia Soko Mugdi yote kwamba ngamia wake watatu wamezaa. Ruweyda akasema kutoka kwake, "Mabrouk." Watu wakacheka. Sirad hakucheka.

Nimelipa mwenyewe, kwa ajili yetu sote wawili. Sielewi kosa langu liko wapi.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mvua. Usiku kucha. Namshukuru Mungu, na paa limevuja juu ya chumvi tu.

Ijumaa, 3 Novemba

Kendi amenieleza kwa simu kwamba kuna nafasi ya sura ya pili. Nikampeleka Sirad kwa Abdisalam, maana mimi nilishindwa kuipata. Pale dukani kulikuwa na wanaume watano wanangoja simu zao. Sirad ana nikabu, na hakuwa na nia ya kuivua pale, wala mimi sikuwa na nia ya kumwomba.

Abdisalam akamwita shangazi kwa Kisomali: "Jaribu hivyo hivyo, eeddo. Macho inatosha."

Duara likazunguka, likasita, likazunguka tena. Tiki.

"Imenikubali," Sirad akasema, na nikasikia kwenye sauti kwamba anatabasamu. Alizima, akawasha, akaitazama, ikafunguka. Akafanya hivyo njiani mara sita mpaka sokoni. Nimelala vizuri.

Jumanne, 7 Novemba

Mvua. Maziwa yamepanda: mitungi kumi na minane.

Ijumaa, 10 Novemba

Arusi ya mpwa wake Sirad, mtaani kwao Bulla Iftin. Nimekula pilau na nyama ya ngamia. Wanawake wote wamepakwa hina mpaka viwikoni. Nilipompa Sirad mkono niliona vidole vyote kumi ni vyeusi, na kile cha shahada cha kushoto pia.

Nikamwambia, kwa mzaha, "Na cha ofisi?"

"Ofisi siku hizi haitaki kidole."

Sijui kwa nini imenikaa. Ni kweli haitaki.

Jumatano, 15 Novemba

Mvua. Mitungi ishirini na miwili. Mto umefika kwenye mashamba ya ndizi.

Ijumaa, 17 Novemba

Barabara ya Madogo imekatika. Mabasi ya Nairobi yanaishia Madogo, ng'ambo ya mto. Sirad ndiye aliyetoa wazo: mimi nivuke kwa boti, nikae ng'ambo kupokea mitungi na kuipakia basi la Nairobi, yeye abaki kibandani na simu, azungumze na familia. Mimi nitatumia kabambe yangu, kisimu cha vibonye. Ni mpango mzuri. Hakuna wawili wengine sokoni wanaoweza kuufanya.

Jumatatu, 20 Novemba, Madogo

Nimevuka. Mitungi ishirini na miwili imevuka. Nimelala kwenye benchi la hoteli. Mbu wa huku hawajali umri.

Jumanne, 21 Novemba, Madogo

Mitungi ishirini na mmoja.

Jumatano, 22 Novemba, Madogo

Mitungi minne. Napiga simu, mtandao umeenda na maji. Basi limeondoka na nafasi yangu tupu. Eastleigh wamenipigia mara tisa mtandao uliporudi kwa dakika chache. Sijui niwaambie nini. Mvua.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimerudi kwa boti ya kwanza. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilipoingia sokoni, kibanda cha Ruweyda kilikuwa kimejaa mitungi mpaka njiani. Niliijua mingi, maana kila familia hufunga kitambaa chake cha rangi kwenye mkono wa mtungi. Kijani cha mzee wa ngamia watatu. Zambarau. Kile chekundu cha familia ya mama mjane. Vitambaa vya watu wetu, kibanda si chetu. Kwetu kulikuwa na mitungi mitatu na Sirad ameketi.

Nikamkamata Kulow kwanza. "Nani alikwambia upeleke kwa Ruweyda?"

"Nyinyi mlisema. Ujumbe ilikuja." Akanionyesha kwenye simu yake. Umetoka kwenye laini yetu, juzi Jumanne, saa sita na dakika arobaini, kwa Kisomali. Kulow akanisomea: mpaka maji yapungue, maziwa yote yapelekwe kwa Ruweyda.

"Mimi nilikuwa Madogo."

"Basi si wewe," Kulow akasema. "Mimi nabeba tu, Mama Kendi."

Nikaichukua simu kwenye msumari. Ujumbe ulikuwapo. Simu hiyo ina sura mbili tu, namba ya siri tunaijua sisi wawili, na sura moja ilikuwa ng'ambo ya mto inaumwa na mbu. Hiyo si hesabu ngumu.

Nikamwekea Sirad simu mbele yake. "Hii ni nini?"

Akaisoma. Akaisoma tena. "Sijaandika hii."

"Sirad, simu inafunguka kwangu na kwako. Mimi sikuwapo."

"Sijaandika. Kulow alisema ni agizo, nikadhani ni lako kutoka Madogo."

"Basi nani? Simu imesema ni wewe."

Ruweyda akakoma kuongea na mteja wake ili asikie vizuri. Halafu Sirad akasimama, akakunja mkeka wake wa kuswalia, akauweka kwapani.

"Umeuliza simu, imekujibu," akasema. "Mimi unaniuliza nini tena?"

Akaondoka. Namjua Sirad akiwa mbali kabisa, kati ya wanawake hamsini, kwa jinsi anavyoutupa mguu wa kushoto tangu alipovunjika. Nilimtazama mpaka akapotelea kwenye maduka ya vitambaa. Hakugeuka.

Ruweyda nilimuuliza pia. "Kulow ameleta, nimepokea," akasema. "Ningemwaga?"

Miaka kumi na miwili. Mtu aliyekaa na mimi miaka kumi na miwili anataka nini kwa Ruweyda ambacho mimi sina? Na kama hakuandika, kwa nini hapigi kelele? Mimi ningepiga kelele mpaka polisi waje.

Ijumaa, 24 Novemba

Sirad hakuja. Mvua.

Jumamosi, 25 Novemba

Hakuja.

Jumatatu, 27 Novemba

Hakuja. Mitungi miwili. Sauti za familia zinaingia kwenye simu, ndefu, kwa Kisomali, na mimi nashika neno moja katika kumi. Nimesikiliza moja mara nne. Nimetambua "caano", maziwa, na jina la Sirad.

Ijumaa, 1 Desemba

Leo mvua imekatika, na mimi ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Rukiyo, mwalimu wa madrasa, alikuja kununua lita mbili. Ana nikabu kama Sirad. Aliinama kuangalia mtungi, uso wake ukawa sawa na simu pale msumarini. Simu ikafunguka.

Nilifikiri ni mimi nimeitazama. Nikaizima, nikajificha nyuma ya pazia, nikasema, "Mwalimu, tafadhali inama tena."

"Ninunue maziwa au nifanye mazoezi?"

"Inama tu."

Ikafunguka.

Basi nikamwomba kila mwanamke mwenye nikabu aliyepita aitazame. Walidhani nimepata kichaa cha mafuriko, halafu wakaona ni mchezo, wakaanza kuitana. Walikuwa tisa. Imefungukia watano. Saynab, anayeuza udi, ilimkataa mara mbili na akakasirika kweli: "Kwa nini mimi haitaki? Mimi nina nini?" Rukiyo akasema, "Sisi watano sasa ni wenye biashara. Leteni mitungi." Walicheka mpaka wakashikana.

Ruweyda, ambaye naye huvaa nikabu, hakuja kujaribu. Alikuwa na kazi nyingi ghafla.

Nikaufungua ule ujumbe tena. Saa sita na dakika arobaini. Niliisoma saa hiyo siku ile nikaipita kama namba yoyote, mimi ninayejidai kwa namba. Saa hiyo, kila siku ya Mungu, Sirad yuko nyuma ya kibanda kwenye mkeka wake, na simu iko peke yake msumarini, hatua mbili kutoka kwa mtu aliyekuwa akisikia sauti zetu zote tangu waya ukose tundu.

Sina ushahidi. Nina saa tu na mkeka. Lakini kwa nini Sirad hakusema "nilikuwa naswali"? Maneno mawili. Angenitoa kwenye shimo kwa maneno mawili na hakuyatoa.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimekwenda kwake Bulla Iftin, na kilo ya sukari na majani ya chai. Nyumbani hana nikabu. Amekonda.

"Nimejua si wewe," nikamwambia.

"Nani amekwambia?"

"Nimeijaribu simu. Imefungukia wanawake watano."

Akamimina chai pole pole. "Kwa hivyo simu ndiyo ilinishtaki, na simu ndiyo imeniachilia." Akanisogezea kikombe. "Wewe ulikuwa wapi, abaayo?"

Nikamuuliza mbona hakusema alikuwa anaswali. Akasema mtu anayemjua yeye hahitaji kuambiwa alikuwa wapi adhuhuri. Nikamwambia nilitoa lita mia mbili na kumi kwa ajili yetu. Akasema hakuna aliyeniambia nizitoe peke yangu. Nikasema mia moja na nane ziliganda. Akasema anajua, yeye ndiye aliyezinusa.

Chai ilikuwa nzuri. Nikauliza, "Utarudi?"

"Insha'Allah."

Nimeipima njia nzima ile insha'Allah na sikuijua ni ya upande gani. Sikukasirika, wala sikufurahi. Hesabu hii haina namba.

Ijumaa, 8 Desemba

Mto umerudi mahali pake. Malori yamepita Madogo tangu asubuhi. Kesho Kulow anakwenda njia ya Dadaab kama zamani, na amekuja kuniambia ukweli wake.

"Wazee wanauliza, Sirad iko? Kama iko, wanaleta kwako. Kama haiko, wanabaki kwa Ruweyda. Hao ni watu wa Sirad, Mama Kendi. Usinikasirikie mimi."

Sikumkasirikia. Nilikwenda kwa Abdisalam, nikaiweka ile simu nzuri mezani, nikamwambia anipe ya zamani yenye kitufe mgongoni.

"Watu wanatoka huko wanakuja huku. Wewe unarudi nyuma."

"Ina tundu la masikio?"

"Iko."

"Inachukua vidole vingapi?"

"Tano."

"Weka cha kwanza. Vingine niachie."

Akatikisa kichwa. "Hii, miezi kumi na nne hivi, itaanza kukataa WhatsApp. Utarudi hapa kununua."

Miezi kumi na minne ni misimu miwili ya mvua. Inatosha. Nimepata hasara kwenye kubadilishana, na sitaki kuiandika.

Sijui nani aliandika ule ujumbe. Sijui kama nilinunua mapema mno au nilichelewa mno, au nilinunua vizuri na kosa ni kununua peke yangu. Nimechoka kutojua. Nimerekodi sauti kwenye simu ya Kulow. Anapita kwa Sirad magharibi, amsikilizishe pasipo na mtu. Nimesema hivi, na naandika nisije nikaambiwa sikusema:

"Sirad, ni mimi. Simu iko msumarini. Ina kidole changu na nafasi tupu. Waya wako wa masikioni nimeurudisha, uko kwenye kopo la vijiko. Sitauliza simu kitu tena, nakuuliza wewe. Kulow anaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na lazima ajue mitungi inakuja kwa nani. Uje kabla ya hapo uweke kidole, au uniambie hapana kwa mdomo wako. Usiniambie insha'Allah. Na usiniambie hina itakataa. Hina ya arusi ilikuwa tarehe kumi mwezi uliopita, leo ni siku ya ishirini na nane, na Jumatatu ukinimiminia chai niliitazama: kucha tu ndiyo bado nyekundu, ncha ya kidole ni safi. Ndiyo au hapana, Sirad. Saa kumi na mbili."